Madeni ya Ndugu: Jinsi Uamsho wa Afrika Mashariki Ulivyofundisha Upendo

Wakristo wa kila zama wamekubali kwamba sheria yote inasimama juu ya amri mbili, kumpenda Mungu kwa moyo wote na kumpenda jirani kama nafsi yako, lakini makanisa machache yamejishughulisha na swali gumu zaidi, yaani mtu wa kawaida, mwenye majirani wa kawaida na kinyongo cha kawaida, anajifunzaje kutenda hivyo. Mojawapo ya majibu yaliyotolewa katika karne ya 20 lilitoka Rwanda na Uganda, likaenea hadi Kenya na Tanganyika, nalo ni ule uitwao Uamsho wa Afrika Mashariki: harakati ya waumini waliobaki ndani ya makanisa yao ya Kianglikana, Kilutheri, Kipresbiteri na Kimethodisti, huku wakikutana pembeni kila juma kuungamana dhambi, kupatana na kulipana. Kwa Kiganda waliitwa Balokole, yaani waliookoka, jina lililotumika kwanza kwa kejeli; Kiswahili kikalichukua na kuwaita walokole, ilhali wenyewe kwa wenyewe walipendelea kuitana ndugu. Kwa watu hawa upendo haukuwa hasa hisia ya moyoni. Ulikuwa deni lenye mdai anayejulikana kwa jina na nyumba, na deni hulipwa.

Chimbuko lake kwa kawaida hutajwa kuwa Gahini, kilima kilicho kando ya ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda, ambako Misheni ya Ruanda, tawi la shirika la kimisionari la Kianglikana la CMS, ilifungua hospitali katika miaka ya 1920, baada ya madaktari wawili Waingereza, Algernon Stanley Smith na Leonard Sharp, kuanza kazi Kabale, ng'ambo ya mpaka, mwaka 1921. Daktari kijana Joe Church alifika Gahini mwaka 1928, na kabla hajazoea mahali alikumbana na njaa kubwa ambayo Wanyarwanda huiita Rwakayihura, iliyoua watu wengi sana katika maeneo hayo ya mashariki. Mwaka uliofuata alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho, na huko, Septemba 1929, katika kilima cha Namirembe, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda wa ukoo wa machifu aliyekuwa ameacha kuridhishwa na dini ya heshima iliyozoeleka katika Kanisa la Uganda. Wawili hao walikaa na Biblia siku mbili wakifuatilia mafundisho juu ya Roho Mtakatifu. Si jambo dogo, kwa kuzingatia desturi za kikoloni za wakati ule, kwamba Mzungu mwenye shahada ya Cambridge aliketi na Mwafrika kama mwanafunzi na mwanafunzi mwenzake, na historia nyingi za Uamsho zinauhesabu mkutano huo kuwa mbegu ya yote yaliyofuata.

Hata hivyo, anayetaka kuelewa utaratibu wenyewe wa Uamsho atajifunza zaidi kwa Yosiya Kinuka kuliko kwa daktari. Kinuka alikuwa msaidizi mwandamizi katika hospitali ya Gahini wakati ambapo uhusiano kati ya wafanyakazi na daktari wao ulikuwa umechacha, na mwaka 1931 alikwenda Kampala kumtembelea Nsibambi, ambaye mdogo wake, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu Gahini. Nsibambi alipomwuliza habari za huko, Kinuka alieleza jinsi mambo yalivyoharibika, na jibu alilopata ni kwamba chanzo cha uharibifu kilikuwa dhambi iliyomo moyoni mwake yeye Kinuka. Jibu hilo linaweza kuonekana la kikatili kwa mtu aliyekuja na malalamiko ambayo pengine yalikuwa ya haki, na mwanahistoria ana sababu ya kuuliza kama daktari naye hakustahili kuambiwa vivyo hivyo. Lakini Kinuka alirudi akiwa amebadilika, akaanza kuwaomba radhi wenzake, na kazi ya hospitali ikabadilika pamoja naye. Hapo kuna kanuni nzima ya harakati hii: mtu huanza na kosa lake mwenyewe, hata kama kosa la mwenzake ni kubwa zaidi. Nguvu ya Uamsho ilitoka hapo, na udhaifu wake pia, kama itakavyoonekana.

Mwishoni mwa mwaka 1933 mkutano wa maombi uliofanyika Gahini uliishia katika maungamo ya hadharani yaliyoendelea kwa saa nyingi. Septemba 1935 kikundi kutoka Gahini, Kigozi na Kinuka wakiwemo, kilikwenda Kabale kwa mwaliko wa mmisionari Lawrence Barham, na kutoka hapo wilaya ya Kigezi ikawaka. Kigozi alifariki Januari 1936, akiwa bado kijana, wakati Sinodi ya Kanisa la Uganda ilipokuwa ikikaribia, naye alikuwa ametayarisha hoja za kuiuliza Sinodi sababu ya ubaridi wa kanisa. Neno lake la Kiganda, Zuukuka, yaani amka, likawa wito wa wafuasi.

Kiini cha maisha ya ndugu kilikuwa ushirika, mkutano mdogo wa kila juma, na pengine zaidi ya mara moja kwa juma, uliofanyika nyumbani kwa mmoja wao, darasani au chini ya mti, bila kumhitaji kasisi wala mwenyekiti wa kuchaguliwa. Waliimba, waliomba, walisoma sehemu ya Biblia, kisha kila aliyesukumwa alisimama na kueleza alivyotembea na Bwana tangu walipokutana mara ya mwisho: alipokasirika, alipotamani, alipodanganya katika mizani ya kahawa, alipomsema mwenzake vibaya. Hilo waliliita kutembea nuruni, wakifuata Waraka wa Kwanza wa Yohana, unaofungamanisha kukaa katika nuru na kushirikiana, na ambao sura chache mbele unakataa kabisa kwamba mtu anaweza kumpenda Mungu asiyemwona huku akimchukia ndugu anayemwona. Aliyekwisha kutubu alipokewa kwa wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza Yesu, ambao hadi leo huimbwa na watu wa lugha nyingi wasiojua Kiganda, na wenzake wakamkumbatia. Ndugu aliyeona mwenzake anaficha jambo alitazamiwa kumwendea na kumweleza, kwa kuwa kunyamaza kulihesabiwa kuwa ni kutompenda.

Toba bila malipo haikukubalika. Kama Zakayo katika Injili ya Luka, aliyeokoka alitakiwa kurudisha alichokichukua, na katika wilaya za Uganda na Rwanda maofisa, wafanyabiashara na wamisionari walianza kujiwa na watu waliobeba sindano, dawa, zana, fedha za kodi na mifugo, vitu ambavyo pengine hakuna aliyejua kwamba vimeibwa. Wengine walikwenda kwa majirani waliowasingizia mahakamani miaka iliyopita. Serikali ya kikoloni ilipata taabu kujua la kufanya na wahalifu wanaojileta wenyewe, na machifu walikuwa na wasiwasi zaidi, kwani mtu anayetubu rushwa aliyoitoa humtaja pia aliyeipokea. Vivyo hivyo kwa uzinzi: aliyesimama na kuungama aliweza kumfichua mshirika wake asiyekuwa na nia yoyote ya kuungama, na ndoa kadhaa ziliingia matatani kwa sababu ya ukweli uliosemwa mbele ya kadamnasi. Wazee waliolelewa katika adabu ya kusitiri aibu ya nyumba waliona jambo hilo kuwa utovu wa haya, na haiwezekani kusema kwamba walikosea kabisa, maana siri nyingi zilizotolewa nje hazikuwa mali ya mtoaji peke yake. Baada ya muda viongozi wenyewe walijifunza kushauri kwamba dhambi iungamwe kwa kadiri ya waliokosewa, si zaidi.

Nyumbani mabadiliko yalionekana mezani, au tuseme mkekani. Katika Buganda na katika jamii nyingine za eneo la maziwa makuu wanawake walikatazwa kula kuku na mayai, na mume alikula peke yake au na wageni wake. Walokole waliketi pamoja, mume, mke na watoto, wakala kuku yuleyule, na tendo hilo lililoonekana dogo lilikuwa tangazo kwa kijiji kizima. Mume aliombana msamaha na mkewe mbele ya watu, jambo ambalo hakuna desturi iliyomlazimisha kulifanya. Wanawake walisimama kushuhudia sawa na wanaume, na wajane au mabinti waliokuwa wakiozwa kwa nguvu walipata katika ushirika watu wa kuwatetea. Ndugu walihimiza mahari ndogo na arusi bila pombe, na wachumba walipelekwa kwa ushirika ili waombewe na pia wachunguzwe. Kwa maana hiyo ushirika ulikuwa ukoo mpya, wenye huruma za ukoo na udadisi wake, na koo za damu ziliutazama kwa jicho baya kwa sababu hiyohiyo.

Mpaka uliokuwa mgumu zaidi kuvukwa ulikuwa ule wa rangi. Wamisionari kadhaa wa Misheni ya Ruanda walitubu hadharani majivuno yao juu ya Waafrika, na kwa upande wa pili Festo Kivengere, mwalimu kijana wa Kigezi aliyekuja kuwa askofu mashuhuri, alisimulia kwamba baada ya kuokoka alipanda baiskeli akasafiri kiasi cha maili 50 kwenda kumwomba radhi Mzungu mmoja aliyemchukia. Kisa hicho kinastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa hakisemi lolote kuhusu kama Mzungu huyo alikuwa amemkosea Kivengere au la. Katika hesabu ya ndugu, chuki ilikuwa deni la mwenye kuchukia. Mkutano wa namna hiyo uliwapa wote wawili nafasi ya kutazamana kama watu, na pale ambapo Mzungu naye alitubu, urafiki uliozaliwa ulidumu maisha yote. Lakini mfumo uliomweka mmoja juu ya mwingine, wenye kodi, kipande na mshahara wa tabaka mbili, haukuwa mtu wa kupandiwa baiskeli na kuombwa radhi.

Ukali wa ndugu uliwagonganisha na kanisa lenyewe. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, kilichowaandaa makasisi wa Uganda, baada ya kukataa kuacha maombi yao ya kabla ya alfajiri na mahubiri yao ya kukemea dhambi za wenzao na za walimu. Miongoni mwao alikuwemo William Nagenda, ambaye hakupata tena upadrisho na akawa mhubiri wa Uamsho katika nchi nyingi akiwa mlei. Katika mazingira mengine tukio kama hilo lingezaa dhehebu jipya, na katika Afrika ya miaka hiyo madhehebu mapya hayakuwa haba. Kwamba halikuzaa kunatokana kwa sehemu na subira ya Askofu Cyril Stuart, aliyeendelea kuwatafuta waliofukuzwa badala ya kuwatenga, na kwa sehemu na mantiki ya ndugu wenyewe: aliyefundishwa kwamba kosa la kwanza la kutubiwa ni lake mwenyewe hawezi kulihama kanisa kwa urahisi kwa sababu ya makosa ya askofu.

Kwa hiyo Uamsho ulienea kama maji yapitayo chini ya kuta za madhehebu. Kenya ulifika mwaka 1937 kwa mkutano wa Kabete, na mwishoni mwa muongo huo ulikuwa umeingia Bukoba, magharibi mwa ziwa Viktoria, ambako Walutheri wa Kihaya waliupokea na kuukuza. Mmoja wao, Josiah Kibira, alikuja kuwa askofu wa dayosisi yake mwaka 1964, na mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani. Kivengere naye alifundisha Dodoma kwa miaka mingi kuanzia mwaka 1946, na kwa njia hiyo Kiswahili kikawa lugha mojawapo kubwa ya harakati hii. Salamu ya Bwana asifiwe, ambayo leo husikika katika makanisa na hata katika mikutano ya hadhara ya Kenya na Tanzania, ilienezwa kwa kiasi kikubwa na ndugu hao, ijapokuwa wengi wanaoitumia hawajui ilikopita.

Jaribio la kwanza la damu lilikuja Kenya. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, Wakristo wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walijikuta kati ya wapiganaji wa Mau Mau, waliotaka wale kiapo, na serikali iliyotaka wajiunge na walinzi wa vijiji na kubeba silaha. Kiapo walikikataa kwa hoja ya kiteolojia iliyo nyepesi kueleweka, kwamba aliyekwisha kunywa kikombe cha damu ya Kristo hawezi kufungamana kwa damu ya mbuzi. Bunduki wengi wao walizikataa kwa hoja kwamba hawawezi kumhubiria mtu upendo wa Mungu huku wakiwa tayari kumpiga risasi. Baadhi waliuawa, wengine waliteswa, na upande wa serikali nao uliwashuku. Wapo waliosema, na bado wapo wanaosema, kwamba msimamo huo uliwanufaisha wakoloni, kwa kuwa asiyepigana upande wowote humwachia mwenye nguvu. Hoja hiyo ina uzito wake. Ila wanaoitoa hawana budi kueleza pia kwa nini Obadiah Kariuki, kiongozi wa Uamsho aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1955, aliweza baada ya vita kukubalika na pande zilizochinjana, na kwa nini viapo viliporudi mwaka 1969, safari hii chini ya serikali huru, watu wa ushirika walikuwa miongoni mwa waliovikataa waziwazi.

Rwanda inaleta swali chungu zaidi. Katika machafuko yaliyoanza mwaka 1959, Watutsi walipochomewa nyumba na maelfu kukimbilia Uganda, Burundi na Tanganyika, kulikuwa na ndugu wa Kihutu waliowaficha wenzao wa Kitutsi, na kulikuwa na wachungaji waliokataa kuacha vituo vyao. Yona Kanamuzeyi, aliyewahudumia Watutsi waliohamishiwa Nyamata, alikamatwa na askari usiku mmoja wa Januari 1964 na kupigwa risasi. Kabla ya kuuawa aliomba ruhusa ya kuandika katika shajara yake, kwa ushuhuda wa mwenzake aliyesalimika. Mtu wa namna hiyo ni tunda halisi la mafundisho ya Gahini. Miaka 30 baadaye, hata hivyo, nchi hiyohiyo ilishuhudia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ambamo waumini waliua waumini makanisani, na baadhi ya viongozi wa makanisa, Waanglikana wakiwemo, walikuwa wameikumbatia mno serikali iliyoyapanga. Kusema kwamba Uamsho ulikuwa umepoa ni jibu rahisi. Lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba utaratibu wa ushirika uliwafundisha watu kuwinda chuki ndani ya moyo wa mmoja mmoja, na kuifanya siasa kuwa jambo la ulimwengu lisilomhusu mlokole, hata ikawa kwamba kitambulisho chenye kabila, mgawo wa nafasi shuleni kwa kabila na mahubiri ya redioni havikuwa na mahali pa kutajwa katika maungamo ya Jumanne jioni. Hakuna mtu mmoja aliyehisi kwamba hayo ni deni lake.

Udhaifu mwingine ulikuwa wa ndani. Kila kizazi kilichofuata kilijiuliza kama moto bado ni uleule, na kuanzia miaka ya 1960 vikundi vya waliojiita walioamka upya vilijitenga na ushirika wa zamani, kwanza Kigezi chini ya Yona Mondo na baadaye kwingineko Uganda na Kenya. Hawa walidai utengano mkali zaidi na ulimwengu, na mojawapo ya mambo waliyoyakemea ni kukopa fedha, wakichukua kwa maana ya moja kwa moja onyo la Mtume Paulo kwa Warumi la kutowiwa na mtu chochote ila kupendana. Mabishano juu ya mikopo ya benki, mavazi na mapambo ya nyumba yaliwafanya ndugu waliowahi kuungamana waache kupeana mikono, na hapo ndipo utaratibu uliobuniwa ili kujifunza upendo ulipoanza kutumiwa kuwapima wengine.

Mtu aliyeupeleka utaratibu huo mbali kuliko wote huenda ni Kivengere. Akiwa Askofu wa Kigezi tangu 1972 alishiriki kuupinga ukatili wa Idi Amin, na baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum, mlokole mwenzake aliyeokoka mwaka 1948, kuuawa tarehe 16 Februari 1977, yeye na mkewe walivuka milima kwa miguu usiku wakaingia Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu kidogo ambacho jina lake, likitangaza kwamba anampenda Idi Amin, liliwaudhi wakimbizi wengi wa Uganda, na ndani yake alieleza kwamba alipokuwa London siku ya Ijumaa Kuu alitambua kuwa moyo wake umejaa chuki dhidi ya Amin, akatubu. Hakumsamehe kwa kuwa Amin aliomba. Amin hakuomba kamwe, wala Kivengere hakuacha kuyataja mauaji yake hadharani katika mikutano ya Ulaya na Marekani. Katika ushirika wa kawaida wadeni wawili walikutana, kila mmoja akataja lake, wakaimba. Hapa upande mmoja ulifuta chuki na kubakiza mashtaka. Amin aliondolewa Aprili 1979 na jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na Kivengere akarudi mwaka huo kushughulikia wajane, yatima na nyumba zilizobomolewa za dayosisi yake, kazi aliyoifanya hadi alipofariki mwaka 1988.